Waya wa Baba na Chaja ya Shemeji

4 Februari

Mdogo wangu,

Huku tupo, tunapumua. Baba anakula vizuri ila macho ndiyo yanazidi kumwacha. Juzi alilisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni, likanyamaza, akasema wageni wa siku hizi hawana adabu. Mpwa wako ametimiza miaka sita, ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga mluzi kutwa nzima. Mimi na cherehani zangu hatuna la kusema, sare za shule zimetujaa mpaka dirishani. Wewe je, hiyo karakana ya mabasi imekunenepesha au bado uko vilevile kama kamba ya kuanikia?

Sasa jambo lenyewe. Shemeji yako ameacha kazi ya ghala, amenunua gari la umeme. La mtumba, dogo, jeupe, halina mlio hata kidogo, linakuja nyuma yako unaliona likiwa limeshakugusa sketi. Anabeba abiria asubuhi na jioni, mchana anataka kulichaji hapahapa nyumbani. Kwa hiyo tunajenga kituo cha kuchajia kwenye ukuta wa nyuma. Chaja yenyewe imekuja vipandevipande: mfuniko, bamba la kufungia ukutani, ubao wenye vitaa vidogo, waya mnene wa mita tano wenye kichwa kama cha pampu ya petroli, na mfuko wa skrubu. Vyote vimetandazwa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, na hakuna aliyeniomba ruhusa.

Fundi anaitwa Koleo. Humjui, alihamia mtaani baada yako kuondoka. Simwamini. Nikimwuliza, "Hii ni sawa?" anasema, "Sawa kabisa, mama." Nikimwuliza, "Lakini hii si sawa, eti?" anasema, "Kweli mama, si sawa." Mtu wa namna hiyo ana lake jambo. Niandikie nini kinatakiwa, nimsimamie nikiwa na karatasi mkononi.

Hasa kuhusu njia ya umeme. Koleo anataka kutumia ile ya zamani aliyoivuta baba mwenyewe, inayotoka kwenye mita, ikapita ndani ya ukuta wa korido na wa chumba cha mtoto, mpaka nyuma. Baba amefurahi, hajafurahi hivyo tangu astaafu. Anasema ni waya wa milimita kumi, shaba tupu, hata kiwanda ungekiendesha.

Usinipigie simu. Nilikwambia baada ya moto ule na msimamo wangu ni uleule: kwenye simu mtu anasema hivi, kesho anakana. Nataka maneno yako kwenye karatasi yenye sahihi. Na barua itafunguliwa mezani baba akiwa amekaa, na nitaisoma neno kwa neno, kama mama alivyotuzoesha.

Mkono wangu wa kulia bado unavuta baridi ikianza. Sijasahau chumba changu cha cherehani kilivyoteketea. Lakini fundi ni fundi, na wewe angalau siku ileile ulikiri kwamba waya uliowaka ulikuwa wako. Koleo asingekiri hata ningemkuta na kiberiti.

Dada yako


26 Februari

Dada, shikamoo. Baba, shikamoo, najua unasikiliza, na najua umeshika kikombe chako kitupu.

Mimi mzima. Karakana sasa ina mabasi arobaini, yote ya umeme, na mimi ndiye ninayefunga chaja zake. Nimepangisha chumba karibu zaidi na kazi, kina dirisha moja na majirani wanaogombana kwa zamu, mume asubuhi, mke jioni. Mwambie mpwa wangu asiache mluzi, meno yakiota utamtoroka.

Mwambie Koleo hivi. Chaja iwe na breka yake peke yake, ya ampia arobaini, isichangie na kitu kingine, wala jokofu wala taa. Aweke na ile breka ya pili inayokata umeme ukivuja, maana mtu atashika gari miguu yake ikiwa kwenye maji. Nondo ya waya wa athi, ule unaopeleka umeme ardhini, aipigilie chini mpaka izame, mahali penye udongo wa unyevu, siyo anachomeka sentimita thelathini na kuziba kwa mchanga. Bamba lifungwe kwenye tofali, lisifungwe kwenye plasta. Akiingiza waya kwenye skrubu, nyuzi zote za shaba ziingie, hata moja isibaki nje, kisha akaze, aondoke akanywe maji, arudi akaze tena. Na umwulize skrubu zimebaki ngapi. Zikibaki, afungue aanze upya.

Kuhusu njia, naomba msitumie ile ya zamani. Vuteni mpya kutoka kwenye mita, ipite nje ya nyumba ndani ya bomba, izunguke mpaka nyuma. Ni kama mita kumi na nne tu. Ni vizuri zaidi.

Msalimie shemeji, mwambie gari jeupe linataka kuoshwa kila siku.

Mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu,

Tunaendelea. Mpwa wako amepata mafua, amepona, ametuachia sisi. Shemeji yako anaosha gari asubuhi na jioni, sahani hajawahi kuosha hata siku moja.

Skrubu zilibaki mbili. Nilimwuliza Koleo, akasema ni za akiba. Nikamwambia fungua. Amefungua, amezipata zilikotakiwa kukaa, nyuma ya ule ubao wa vitaa. Kwa hilo ahsante.

Lakini hilo la njia, ndugu yangu, hapana. Ukurasa mzima unanieleza nyuzi za shaba moja moja, unanieleza mpaka fundi akanywe maji, halafu ukifika kwenye jambo kubwa kuliko yote unaandika "ni vizuri zaidi" na kunisalimia. Mimi nashona nguo za watu miaka ishirini. Najua mteja anapoficha kwamba amenenepa. Hapa pana namna.

Nilipofika kwenye maneno hayo baba aliinuka. Hakumaliza hata kusikia salamu. Alisema, "Aliyeunguza nyumba anakuja kunifundisha waya." Akatoka akipapasa ukuta, na jioni hakula.

Nimewaza mambo matatu, nakuambia wazi. Labda bado una kinyongo na baba kwa sababu hakukutetea siku ile. Labda mnataka kazi iwe ndefu, wewe na huyu Koleo mmeshawasiliana kwa mlango wa nyuma, maana mafundi mnajuana. Au kuna kitu ulikifanya kwenye ukuta ule kipindi kilekile cha moto, na unaogopa kikionekana. Hili la tatu ndilo linaloninyima raha. Machale yamenicheza. Umeficha nini kwenye ukuta wa chumba cha mtoto?

Nataka jibu, sitaki mafundisho.

Dada yako


6 Aprili

Dada, shikamoo. Baba, nakusalimu kwa heshima, na kama nilikukera nisamehe.

Hapa mvua kila siku. Jirani mume amehama, mke sasa anagombana na redio.

Koleo simjui, naapa. Kinyongo na baba sina. Kwenye ukuta ule sijawahi kuweka mkono wangu.

Zaidi ya hapo siwezi kueleza. Niamini tu, njia ipite nje. Au nikuombe hivi: lile duka unalonunulia vifungo lina sanduku la barua. Nikikuandikia kwa anwani ile, utaweza kusoma peke yako? Kuna jambo ambalo sitaki baba alisikie.

Mdogo wako


28 Aprili

Wewe mtu,

Hivi umesahau kabisa nyumba hii inavyosoma barua? Bahasha niliikata mezani, baba upande huu, shemeji yako upande ule, na sauti yangu unaijua. "Jambo ambalo sitaki baba alisikie" nimelitamka lote kabla akili haijafika. Shemeji yako alijifanya anakohoa. Baba akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Basi, tumesikia. Chomekeni gari."

Sanduku la duka la vifungo sitalitumia. Nikianza leo kupokea siri kwenye duka, kesho nitakuwa mtu gani? Una la kusema, liseme mezani. Huna, nyamaza.

Kwa hiyo tumechomeka. Koleo ameunganisha kwenye njia ya baba, kila kitu kingine amefuata karatasi yako, athi imezama mpaka amelala chini kuitafuta. Tangu tarehe ishirini na moja gari linachaji kila siku saa sita mpaka saa kumi na moja. Taa ya kijani inawaka, breka haijaanguka hata mara moja. Kwa hiyo ulitutisha bure.

Mpwa wako ndiye aliyefaidi kuliko wote. Baridi imeanza, na ukuta wa kitandani kwake una uvuguvugu mzuri mchana wote. Akitoka shule anajikunja pale na mdoli wake, anasema ukuta wake una homa. Baba naye sijui uzee au nini, amehamishia kiti chake chumbani kwa mtoto. Gari likichomekwa tu, anaketi pale, mkono ukutani, mpaka lichomolewe. Ukimwuliza anasema anaota joto. Haya, waote.

Sina hamu na wewe, nakwambia ukweli. Miaka minane nilikuwa nasema, huyu aliniunguzia chumba lakini si mwongo. Sasa hata hilo sina uhakika nalo.

Dada yako


15 Mei

Dada,

Leo sina salamu ndefu. Barua yako imefika saa nne asubuhi. Nilipofika penye uvuguvugu wa ukuta niliacha zana chini nikatoka nje. Nimekupigia mara kumi na moja, hukupokea. Nimempigia shemeji. Amezima breka ya chaja nikiwa namsikia, ameniapia haitawashwa, na mtoto amehamishiwa chumbani kwenu. Hakuuliza kwa nini. Namshukuru.

Ulisema niseme mezani. Soma kwa sauti, kila neno, baba akiwepo.

Baba, mwaka tuliopanua nyumba, mimi ndiye niliyekushikia ngazi. Roli la waya lilikuishia kabla ya kufika nyuma. Ulikuwa na vipande viwili vilivyobaki. Wewe ndiye uliyetufundisha mafundi wote tuliopita mkononi mwako kwamba kiungo hakifukiwi ukutani, kinakaa ndani ya kisanduku chenye mfuniko, ili mtu akifikie. Siku ile ulisokota waya kwa mkono, ukazungushia ile tepu yako nyekundu, ukapiga plasta juu yake. Macho yalishaanza, na hukutaka mtu ajue, nami sikusema kitu. Ulifanya hivyo mara mbili. Kiungo kimoja kilikuwa ukuta wa chumba cha cherehani, kwenye tawi la kwenda huko. Kingine kiko ukuta anaolalia mpwa wangu.

Cha kwanza ndicho kilichowasha moto. Dada, nilikikuta kwenye majivu wewe ukiwa bado hospitali unafungwa mkono. Tepu nyekundu ilikuwa imeganda juu yake. Nilikitia mfukoni. Mama alikuwa hajamaliza hata mwezi kaburini, na baba alikuwa ndiye fundi wa shule zote za pale, ndilo jambo pekee lililokuwa linamtoa kitandani. Nikasema uliowaka ni waya wa taa niliouvuta mimi chumbani mle, nimekosea mimi. Wote mliamini upesi sana, hilo liliniuma, lakini nilikuwa nimeshasema.

Cha pili nilikiacha. Nilijiambia kwa taa mbili na jokofu hakitapata moto, na kweli hakikupata. Chaja ni kitu kingine. Inavuta saa tano mfululizo bila kupumzika. Na breka haitawaokoa, kwa sababu breka inajua umeme ukizidi, haijui kama kuna mahali pamoja pameshika moto ndani ya plasta.

Baba, sikuandika haya kukuaibisha. Nimechelewa kuyaandika, na ningechelewa zaidi kama siyo huo uvuguvugu.

Mwanao, na mdogo wako


3 Juni

Mdogo wangu,

Nimekaa siku mbili na karatasi hii kabla ya kuweka neno. Mtoto mzima. Shemeji yako mzima. Nyumba imesimama.

Nilisoma yote, mezani, kama ulivyotaka. Kwenye tepu nyekundu nilirudia mstari mara mbili, shemeji yako akataka kunipokea karatasi, nikamkatalia. Nilipomaliza niliikunja karatasi. Nilikuwa namtazama baba, nikingoja aseme kwamba ni uongo, wallahi nilikuwa nangoja hicho tu. Aliinuka. Akaenda chumba cha mtoto bila kupapasa chochote njiani, akasogeza kitanda kwa goti, akaweka kiganja ukutani, shubiri mbili kutoka kwenye swichi, usawa wa mto wa mtoto. Akasema, "Ni hapa. Mwiteni Koleo."

Koleo alizima umeme wote kwenye mita, akapasua. Pigo la nne kikatokea. Tepu ilikuwa nyeusi kama masizi, wekundu umebaki ukingoni tu, na ukiigusa inavunjika kama biskuti. Plasta ya nyuma imebadilika rangi. Koleo, yule wa kusema sawa mama, mara hii hakusema sawa. Alikaa kitako sakafuni, akashika kichwa.

Baba akamwambia, mbele yetu wote, "Kiungo hiki ni changu. Na kilichounguza chumba cha binti yangu kilikuwa changu. Kijana wangu hakukosea." Nikamwuliza, alijua tangu lini? Akasema alijua tangu siku ya moto, kwa sababu waya wako wa taa alikuwa ameukagua yeye mwenyewe. Nikamwuliza, na hiki? Akasema alijiambia kile cha kwanza kiligugunwa na panya, na hiki ni kizima. Alijiambia hivyo miaka yote. Lakini gari lilipoanza kuchomekwa alikuwa anakuja kushika ukuta, ili ukizidi moto awahi kupiga kelele. Fikiria, mzee asiyeona, amekaa analinda mtoto asiungue kwa kosa ambalo sentensi moja tu ingelimaliza. Nilimpigia kelele ambazo sijawahi kumpigia mzazi. Kisha nililia, naye akalia, na shemeji yako akatoka kwenda kuosha gari.

Sasa wewe.

Moto wa chumba changu nakuomba radhi, na ninaandika hapa ili iwe na sahihi yangu: hukuwa wewe. Miaka minane nimekuchukia bure. Nilikataa hata sauti yako. Uliniacha nikuchukie, na hilo nalo nitakudai tukionana, kwa sababu ulinichagulia bila kuniuliza.

Lakini kuna lingine, na sitalizunguka. Baba alikosea akiwa haoni. Wewe macho yako mazima. Mtoto alipozaliwa nilikuandikia mwenyewe kwamba tumempa chumba kile na kitanda tumekiweka upande ule. Ulijibu ukanipongeza. Miaka sita unajua kilicho nyuma ya kichwa chake. Mwezi wa pili ukaandika "ni vizuri zaidi." Mwezi wa nne ukaniandikia habari za jirani na redio. Ulikuwa unalinda jina la baba, nimeelewa, na wakati huohuo mwanangu alikuwa analala hapo. Hilo nimejaribu kulisamehe kwenye karatasi, nimeshindwa.

Njoo. Njia mpya nimemzuia Koleo asiivute. Utaivuta wewe, nje ya nyumba, ndani ya bomba, kama ulivyoandika, na baba atakaa kwenye kiti akusikilize unavyofanya. Gari limesimama uani, shemeji yako amerudi ghalani kwa muda, na hajanung'unika.

Shimo la ukutani sijaliziba. Mtoto amekuja kulitazama mara tatu, ameingiza kidole, ameuliza ni nani alilichimba na kulikuwa na nini mle ndani. Baba alifungua mdomo, nikamzuia. Nimemwambia anayejua ni mjomba wake, anakuja, atamweleza yote mwenyewe.

Dada yako